Asilimia 90 ya Maabara, Mapengo ya Shambani

Kila msimu wa kupanda malalamiko ni yale yale. Mkulima amenunua mahindi chotara dukani, pakiti imefungwa, lebo ipo, na uotaji ulioandikwa ni asilimia 90. Siku ya kumi baada ya mvua anapita kwenye mistari akihesabu mashimo, na katika kila kumi aliyopanda manne ni matupu. Neno linalomjia mdomoni ni moja: feki. Mwenye duka anaapa kwamba mzigo ameupokea ukiwa na lakiri yake. Kampuni inatoa cheti cha maabara. Bwana shamba anaitaja mvua. Kila mmoja ana ushahidi wake, na si ajabu wote wanne wakawa wanasema kweli.

Sehemu ya mkanganyiko huu imo ndani ya lugha yenyewe. Kwa mkulima, mbegu imeota pale jani linapoonekana juu ya udongo. Kwa mchambuzi wa maabara, mbegu imeota pale ilipotoa mche kamili juu ya karatasi yenye unyevu, ndani ya chumba ambacho joto lake halipandi wala kushuka ovyo. Kitenzi ni kimoja, matukio ni mawili. Kati yake kuna sentimita tano za udongo, na ndimo zinamopotelea mbegu zinazogombaniwa. Katika uchambuzi huu, tukio la maabara litaitwa kuota, na lile la shambani litaitwa kuchomoza. Swali ni kama la kwanza linaweza kutabiri la pili, na kwa kiasi gani.

Kipimo kilichozaliwa sokoni

Upimaji wa mbegu haukubuniwa ili kutabiri hali ya shamba. Ulibuniwa kukomesha wizi. Mwaka 1869, katika mji wa Tharandt, Saxony, Friedrich Nobbe alianzisha kituo cha kwanza cha kupima mbegu, kwa sababu mbegu zilizokuwa zikiuzwa wakati ule zilijaa uchafu na udanganyifu. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria dhidi ya kughushi mbegu, na makosa iliyoyataja yanashangaza hadi leo: kuua mbegu, na kuzipaka rangi. Mfanyabiashara mjanja alichanganya mbegu ya bei ya chini na ya bei ya juu zinazofanana kwa umbo. Ile ya bei ya chini aliiua kwanza, isije ikaota shambani kwa mnunuzi na kumuumbua.

Mwaka 1924, mjini Cambridge, likaundwa Shirika la Kimataifa la Upimaji wa Mbegu, ISTA. Shabaha yake kuu ilikuwa kwamba sampuli moja ikipimwa katika nchi mbili itoe jibu moja, ili biashara ya mbegu ivuke mipaka bila ugomvi. Maabara ya KEPHIS, taasisi ya Kenya inayokagua mbegu, kule Lanet, karibu na Nakuru, na ya TOSCI, ile ya Tanzania, mjini Morogoro, zinafanya kazi kwa kanuni hizohizo.

Ili jibu lifanane kila mahali, kila kisichotabirika ilibidi kiwekwe nje ya mlango: baridi, ukame, tope, ukungu wa udongo, panya. Hapo ndipo penye faida ya kipimo na hapohapo ndipo penye upungufu wake. Maabara mbili zinakubaliana kwa sababu zote mbili zimeliondoa shamba. Kwenye kongamano la ISTA la mwaka 1950 mjini Washington, Mholanzi W. J. Franck alilieleza jambo hili waziwazi. Alipendekeza neno kuota libaki kwa kipimo cha mazingira mazuri, na uwezo wa mbegu kuhimili mazingira magumu upewe jina lake. Kwa Kiswahili jina linalofaa ni nguvu ya mbegu.

Siku saba juu ya karatasi

Inafaa kusogea karibu na meza ya maabara, kwa kuwa watu wengi wanaikosoa namba ya kwenye lebo bila kujua ilivyopatikana. Kutoka kwenye kundi la mbegu, ambalo linaweza kuwa la tani nyingi, huchukuliwa sampuli, na mwishoni mbegu 400 hupangwa kwa mafungu manne ya mia mia. Za mahindi huwekwa kwenye karatasi zilizoloweshwa na kuviringishwa, au kwenye mchanga safi, kwa joto la nyuzi 25 hivi. Hesabu ya kwanza hufanywa siku ya nne, ya mwisho siku ya saba. Maharage husubiriwa hadi siku ya tisa.

Mchambuzi anapoifungua karatasi hahesabu kila kilichochipua. Mche wenye mzizi uliodumaa, au ambao chipukizi lake limepasuka na kujikunja, huwekwa fungu la miche yenye kasoro na hauingii kwenye asilimia. Mbegu iliyooza huitwa mfu. Iliyobaki ngumu kama changarawe, maji hayajapenya, ina fungu lake, na ile iliyonyonya maji ikavimba ikabaki bichi bila kuchipua ina lake pia. Kwa hiyo 90 ya maabara ni 90 ya miche mizima yenye mzizi na chipukizi. Wanaodhani maabara inahesabu hata kijichipukizi kilichochungulia tu wanaionea.

Namba hiyo ina mpaka wake wa kihesabu pia. Kundi ambalo uwezo wake halisi ni asilimia 90, likipimwa kwa mbegu 400, linaweza kutoa 87 au 93 kwa bahati tu. Likipimwa kwa mbegu 100, jibu linaweza kuwa popote kati ya 84 na 96. Mkulima anayepima kwa mbegu 10 kwenye kitambaa anaweza kupata 7 au 10 kutoka pakiti ileile. Kipimo cha mbegu 10 kinaweza kufichua mbegu iliyokufa kabisa. Hakiwezi kutofautisha nzuri na ya wastani.

Kwa nini 90 hii si sawa na 90 ile

Mbegu ni kiumbe hai kinachozeeka, na uzee wake hauendi kwa mwendo mmoja. Kwa muda mrefu kundi la mbegu huendelea kuota kwa 95, 94, 93, kama vile hakuna lililotokea. Ndani, hata hivyo, utando wa seli umeanza kulegea na kasi ya kuchipua inapungua. Kisha linafika ukingoni, na ndani ya kipindi kifupi asilimia inaporomoka. Makundi mawili yenye 90 yanaweza kuwa moja lipo tambarare na jingine limesimama ukingoni. Karatasi yenye unyevu na joto zuri inayalea yote mawili kwa upole uleule, na tofauti haionekani. Udongo hauna upole huo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka Uingereza katika miaka ya 1960, kwenye mashamba ya njegere za kiwandani. Wakulima walipanda mapema, udongo ukiwa bado baridi na umelowa, wakitumia mbegu zilizoota vizuri sana maabara. Baadhi ya makundi yalichomoza vizuri, mengine yakaoza ardhini. Watafiti Matthews na Bradnock walipoziloweka mbegu hizo kwenye maji na kupima jinsi maji yale yanavyopitisha umeme, siri ikatoka. Mbegu dhaifu zilikuwa zinavuja: chumvi na sukari zilitoka ndani ya seli na kuingia majini. Shambani, sukari hiyo ni karamu kwa vimelea vya udongo vya jamii ya Pythium, ambavyo huifuata mbegu na kuiozesha kabla haijainua kichwa.

Kipimo kilichotokana na ugunduzi huo ni chepesi. Mbegu 50 zilizopimwa uzito hulowekwa kwenye mililita 250 za maji safi yasiyo na chumvi kwa saa 24, katika nyuzi 20, kisha maji hupimwa kwa kifaa cha umeme, mara nne kwa kila kundi. Namba ikiwa ndogo, mbegu imejishika. Ikiwa kubwa, inavuja. Kwa njegere, kipimo hiki kilitabiri shamba la baridi pale ambapo kipimo cha kuota kilikuwa hakioni tofauti yoyote.

Afrika Mashariki haina majira ya kuchipua yenye udongo wa barafu, lakini ina mambo yake yanayoizeesha mbegu. Kanuni ya Harrington inayotumiwa na watunza mbegu inasema kwamba kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia moja, maisha yake ghalani huongezeka karibu maradufu, na kila joto linaposhuka kwa nyuzi tano hutokea vivyo hivyo. Igeuzwe kanuni hiyo, halafu itazamwe pakiti iliyokaa miezi kadhaa chini ya bati, katika duka la mji wa pwani wenye hewa nzito ya unyevu. Cheti chake bado kinasema 90. Cheti kilisema kweli siku kilipoandikwa.

Hoja ya feki, na kilichoonekana Uganda

Mwaka 2017 Tessa Bold na wenzake walichapisha utafiti uliotikisa soko la pembejeo Uganda. Kwa makadirio yao, mahindi chotara yaliyouzwa madukani yalikuwa na chini ya nusu ya mbegu halisi. Magazeti yaliishika habari hiyo, na neno feki likapata nguvu ya kisayansi. Baadaye Alicia Barriga na Nathan Fiala wakaifuata mbegu katika safari yake yote, kutoka kwa wazalishaji hadi madukani, wakatumia vipimo vya vinasaba. Uchakachuaji mkubwa hawakuuona. Mbegu zilikuwa za aina iliyoandikwa, ila ubora wake ulikuwa unayumba, na kidole chao kikaelekea kwenye utunzaji na uhifadhi.

Tofauti ya tafiti hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ikiwa tatizo ni wizi, dawa ni polisi, stika za kukwangua na msimbo wa kutuma kwa simu. Kenya na Tanzania zimewekeza sana katika stika, na hakuna ubaya, kwani matapeli wapo kweli. Lakini stika inathibitisha nani aliyefunga pakiti. Haisemi mbegu imelala kwenye joto gani tangu ilipofungwa. Mbegu halali kabisa inaweza kufa ndani ya pakiti halali.

Wanaosema kipimo cha kuota kinatosha

Kuhusu namna ya kupima mbegu kuna pande tatu. Upande wa kwanza, wenye wadhibiti wengi na sehemu kubwa ya makampuni, unataka mambo yabaki yalivyo. Hoja yao ina uzito. Sheria inahitaji namba inayoweza kutetewa mahakamani, na kipimo cha kuota ndicho pekee kinachorudiwa katika maabara yoyote kikatoa jibu lilelile. Ni cha bei nafuu, na kimeondoa sokoni mbegu mfu nyingi kupita kipimo kingine chochote. Kiwango cha 90 kwa mahindi yaliyothibitishwa kinaeleweka na kila mtu. Pia, kampuni haiwezi kuwajibika kwa mkulima aliyepanda kwa kina cha sentimita 12, au aliyepanda kwenye vumbi mvua ya kwanza ikamdanganya na kukata.

Udhaifu wao ni kwamba wananyamaza mahali wanapopaswa kusema. Namba ya kwenye lebo ni dari: shamba likiwa zuri sana, miche itakaribia hapo. Kila anayeisoma anaichukulia kuwa sakafu. Miaka yote hiyo mpangilio wa lebo haujafanya lolote kumwondolea mkulima dhana hiyo.

Wanaotaka mbegu itiwe taabuni

Upande wa pili unasema mbegu ipimwe kwa kuteswa kidogo. Huko Marekani, wazalishaji wa mahindi kwa muda mrefu wametumia kipimo cha baridi: mbegu hufukiwa kwenye udongo wa shamba wenye nyuzi 10 kwa wiki moja, ndipo ipelekwe kwenye joto. Soya huzeeshwa kwa haraka, saa 72 katika nyuzi 41 na unyevu mwingi, kisha huoteshwa. Kwa nchi za joto kipimo hiki cha uzee kina maana ya pekee, kwani kinaiga ghala baya. Kingine kinachovutia kwa mahindi ni kuhesabu mbegu ambazo mzizi wake umefika milimita 2 baada ya saa 66 katika nyuzi 20. Mbegu yenye nguvu huwahi, dhaifu huchelewa, na hakuna kifaa kinachohitajika zaidi ya karatasi na chumba kinachotunza joto.

Lakini vipimo hivi navyo vina maradhi yake. Kipimo cha baridi hutumia udongo, na udongo wa maabara moja si wa nyingine, hivyo majibu hupishana. Kila zao lina kipimo chake: cha umeme kinachofaa njegere hakifai mahindi kwa namna ileile. Zaidi ya yote, vinapanga makundi kwa ubora, hili juu ya lile, bila kutoa idadi ya miche. Kundi lenye nguvu litalishinda dhaifu katika shamba gumu. Ni kwa miche mingapi, hilo linaamuliwa na shamba. Makampuni yanaogopa, na si bila sababu, kwamba namba ya nguvu ikiandikwa kwenye lebo itasomwa kama ahadi ya pili na kuzaa kesi mpya. Ndiyo maana wengi wanaozitumia huzifungia ofisini, kuamua kundi lipi liuzwe kwanza na lipi lisisafirishwe mbali.

Udongo una kauli yake

Upande wa tatu, wa wataalamu wa udongo na wagani wengi, unaona mjadala wote wa maabara umesahau nusu ya habari. Mvua kubwa ikifuatwa na jua kali huacha ukoko juu ya udongo. Mahindi yana ncha kali ya kuutoboa. Maharage ni lazima yavute vipande vyake vya mbegu hadi juu, na shingo hukatikia ukokoni. Panya wa mashambani, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamewachunguza kwa miaka mingi, hufuata mstari na kufukua shimo baada ya shimo. Hakuna kipimo cha nguvu ya mbegu kinachotabiri panya.

Wana haki, na wana kitu cha thamani ambacho hutumiwa mara chache mno: kufukua shimo tupu. Shimo hilo husimulia. Mbegu ikikutwa imelainika na kuoza, ama ilikuwa dhaifu ama udongo ulituama maji. Ikiwa imechipua na jani limejikunja kama kizibuo chini ya ardhi, ukoko au kina ndicho kilichoizuia. Ikiwa kavu na nzima, mvua haikutosha. Ikiwa haipo na udongo umechimbuliwa, aliyeila anajulikana. Dakika kumi za kufukua katika sehemu tano za shamba zinatoa ushahidi zaidi kuliko mabishano ya mwezi mzima mbele ya duka.

Kosa la upande huu ni kuukuza udongo hadi mbegu ionekane haina lawama kamwe. Shamba baya ndilo linaloitenga mbegu dhaifu na yenye nguvu. Katika udongo mzuri zote hupita. Kwa hiyo udongo na mbegu havigawani lawama kwa mafungu, vinazidishana.

Thamani ya utabiri, na hukumu

Mahindi yakipandwa kwa sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, hekta inalengwa kuwa na mimea 44,444. Kama asilimia 90 zitachomoza, mbegu zinazohitajika kufikia idadi hiyo ni takriban 49,400. Kama ni 60, zinahitajika takriban 74,100, yaani nusu nzima zaidi. Mkulima asiyejua atakuwa kati ya 90 na 60 ama anapoteza mbegu ama anapoteza mimea. Wengi hujikinga kwa kupanda mbili mbili. Ikiwa nafasi ya kila mbegu ni asilimia 60, mashimo matupu hushuka kutoka 40 kwa kila mia hadi 16. Kinga hiyo inafanya kazi pale vifo vinapotokea kimoja kimoja. Panya na maji yaliyotuama huua mashimo jirani kwa pamoja, na mbegu ya pili hufa na ya kwanza.

Zikiwekwa kwenye mizani, hoja za upande wa kwanza zinashinda katika jambo moja: kipimo cha kuota kibaki kuwa cha kisheria, na asijitokeze mtu kuandika kwenye pakiti asilimia ya kuchomoza, maana namba hiyo itakuwa ya kubuni. Za upande wa pili zinashinda katika mazao yanayozeeka upesi, soya na kitunguu yakiwa mbele, ambako nguvu ya mbegu inapaswa kupimwa kabla ya kundi kuruhusiwa kukaa ghalani hadi msimu mwingine. Kwa mahindi, hesabu ya saa 66 ni nafuu vya kutosha kuanza kutumika hata mikoani. Na upande wa tatu umeshinda bila kupingwa kuhusu uchunguzi wa malalamiko: yasifungwe, wala neno feki lisiandikwe kwenye taarifa, kabla mashimo hayajafukuliwa.

Hitaji kubwa kuliko yote halihitaji uvumbuzi. Tarehe ya kipimo iandikwe kwenye pakiti kwa herufi zinazosomeka, na wakaguzi wachukue sampuli upya kutoka rafu za maduka wiki chache kabla ya masika na vuli, hasa pwani na mabondeni kwenye joto. Kundi lililoanguka liondolewe kabla ya kuuzwa, wakati hasara bado ni ya magunia na haijawa ya msimu wa familia.

Kwa anayepanda msimu huu, kuna kipimo kimoja asichohitaji kumwomba mtu. Achukue mbegu 100 kutoka kwenye mfuko alionunua, azifukie wiki mbili kabla ya mvua kwenye tuta dogo la udongo wa shamba lake, kwa kina atakachotumia, amwagilie bila kutuamisha maji, azikinge na kuku, na ahesabu siku ya kumi. Zikipungua 70, afukue zilizobaki na kuziangalia, aitunze pakiti pamoja na risiti, na aende dukani angali ana muda wa kubadilisha.